TAA ZA SHAMBANI NA TAA ZA BARABARANI

Wakati wa mavuno ya mpunga hapa Ubaruku, mashamba hayalali. Usiku matrekta na mashine za kuvunia huendelea na kazi, na mtu akitazama kutoka shuleni ataona mianga mikubwa ikitembea polepole katika majaruba. Mianga hiyo haina ubaya wowote. Bila ya hiyo mpunga mwingi ungepukutika kabla ya kuvunwa. Lakini siku hizi taa zile zile za mashambani zimehamia barabarani. Twaziona juu ya malori, mbele ya motokaa ndogo, hata katika pikipiki za bodaboda. Watu huziita spotilaiti, na kila msimu zinazidi.

Nimeombwa na wenzangu niandike juu ya taa hizi, maana tulibishana sana bwenini. Wengine walisema ni halali kwa kuwa zauzwa madukani mchana kweupe. Wengine walisema ni haramu kwa kuwa askari wa usalama barabarani huwatoza watu faini. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kujua. Mjomba wangu ana lori la kubebea mpunga. Mwaka huu alifunga taa 6 za ziada, akasimamishwa na askari, akalipa faini ya shilingi 30,000. Alikasirika sana. Aliniambia, "Mjomba, wewe ndiwe msomi wetu. Nieleze, taa yangu imemwibia nani?"

Swali lake lilinifikirisha, kwa sababu katika muhula ule ule mzee mmoja wa jirani yetu aliangukia mfereji. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mchele usiku, akamulikwa na gari lililokuwa likimjia, akakosa kuona ukingo wa barabara. Alivunjika mkono, na mchele ukalowa. Dereva alikwenda zake, na huenda hakujua hata kidogo kwamba amemwangusha mtu. Basi nilianza kutafuta jibu.

NAMNA ZA TAA

Kwanza, yatupasa kujua kwamba kila motokaa hutoka kiwandani ikiwa na mianga miwili ya mbele. Madereva wetu huiita fulu na dimu. Fulu hupeleka mwanga mbali, moja kwa moja. Dimu hupeleka mwanga karibu, nao huelekea chini. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao ni mkataba wa mataifa mengi juu ya safari za barabarani, wasema kwamba fulu yapasa kumulika vizuri angalau mita 100 mbele ya gari, na dimu angalau mita 40 bila ya kuwaumiza macho watu wengine.

Sisi tuliosoma Fizikia twajua jinsi jambo hili linavyofanyika. Ndani ya taa mna kioo kilichobonyea. Balbu ikiwekwa mahali panapoitwa fokasi, mwanga ukigonga kioo hurudi ukiwa umenyooka, kama maji yatokayo katika bomba. Hiyo ndiyo fulu. Kwa dimu, mwanga hukingwa na kuelekezwa ili sehemu ya juu ikatwe. Ukiwasha dimu mbele ya ukuta utaona mstari: chini pana mwanga, juu pana giza. Mstari huo ndio unaowalinda watu wanaokuja mbele yako.

Tena mstari huo haukulingana pande zote. Katika nchi yetu twapita kushoto, kwa hiyo dimu imetengenezwa ili imulike mbali zaidi upande wa kushoto, waliko waendao kwa miguu, na ibaki chini upande wa kulia, atokako mwenye gari mwingine. Motokaa nyingi zilizotumika huletwa kwetu kutoka Japani, ambako nao hupita kushoto, hivyo taa zake zatufaa. Lakini katika nchi wanakopita kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi, mambo ni kinyume. Mtu akichukua taa iliyotengenezwa kwa nchi hizo akaifunga katika gari la hapa, dimu yake itapanda upande wa kulia, na itamwingia machoni kila anayekutana naye.

Sasa, taa ya shambani haina mstari huo. Imetengenezwa kutawanya mwanga pande zote, juu na chini, ili mwenye trekta aone jaruba zima. Shambani hakuna gari linalomjia. Ndiyo maana taa hiyo haina fulu wala dimu. Ina kuwaka na kuzima tu. Taa nyingi za namna hii zina maandishi ya kiwanda yasemayo kwamba si za kutumika barabarani, lakini maandishi yenyewe ni madogo na ni ya kigeni, na mnunuzi hutazama bei na ukali wa mwanga.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria yetu kubwa ni Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, ambayo katika mkusanyo wa sheria za nchi huitwa Sura ya 168. Sheria hiyo yataka kila gari liendeshwalo barabarani liwe katika hali njema, lisiloweza kuwahatarisha watu. Yawapa askari uwezo wa kulisimamisha gari na kulikagua. Tena kuna mambo ambayo ni ya magari ya dharura, kama ya polisi, ya zimamoto na ya wagonjwa. Hayo ndiyo yenye ruhusa ya ving'ora na vimulimuli. Kimulimuli si urembo. Maana yake ni, "Nipisheni, kuna mtu anakufa." Ikiwa kila mwenye gari atakuwa na kimulimuli, watu watazoea, na siku gari la wagonjwa litakapokuja hakuna atakayelipisha. Jeshi la Polisi limewaagiza wenye magari mara kwa mara waondoe vimulimuli, ving'ora na taa za ziada zenye mwanga mkali.

Zingatieni kwamba sheria hii ni ya barabarani. Haimkatazi mtu kuuza taa dukani, wala haimkatazi mwenye trekta kumulika shamba lake mwenyewe. Kwa hiyo katika mabishano yetu ya bwenini kila upande ulishika nusu ya jambo. Taa moja yaweza kuwa halali saa 3 usiku ikiwa jarubani, na ikawa kosa saa 3 na nusu ikiwa imefika barabara ya Rujewa. Kosa halimo ndani ya taa. Kosa limo mahali inapowashwa, na katika macho ya mtu aliye mbele yake.

Nchi nyingine nazo zimefika mahali hapo hapo, ingawa kwa njia mbalimbali. Katika jimbo la California, Marekani, sheria yaruhusu gari kufungwa taa zisizozidi 8 kwa ajili ya safari za nje ya barabara. Lakini gari hilo likiingia barabara kuu, taa hizo lazima zizimwe na zifunikwe kwa kifuniko kisichopitisha mwanga. Katika Uingereza, kanuni za taa za mwaka 1989 zaruhusu fulu za ziada, lakini lazima ziwe zimeungwa hivi kwamba dereva akishusha taa, fulu zote zizimike pamoja kwa kitendo kimoja. Haitakiwi dereva atafute swichi ya pili gizani huku gari la mbele limekwisha kumfikia.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na nchi nyingi za Ulaya huenda mbali zaidi, nazo hupima nguvu ya mwanga. Fulu zote za gari zikiwashwa pamoja hazitakiwi kuzidi kandela 430,000. Ili watu wasihangaike na hesabu kubwa, kila taa ya fulu iliyopimwa huandikwa namba ndogo katika kioo chake, na kiasi cha kandela 430,000 huhesabiwa kuwa 100. Basi kazi iliyobaki ni ya kujumlisha. Ikiwa gari lina taa 2 zenye namba 17.5, jumla ni 35. Mtu akiongeza taa 2 zenye namba 25, atapata 85, na hapo bado yu salama. Akiongeza badala yake taa 2 zenye namba 37.5, atapata 110, naye amevuka mpaka. Hesabu hii hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya. Nilipolitazama lori la mjomba, sikuona namba yoyote katika zile taa 6.

Rangi nazo zina sheria. Mkataba wa Vienna wataka taa za kumulikia za mbele ziwe nyeupe au za manjano, na taa za nyuma za kuonyesha gari ziwe nyekundu. Hii si desturi tupu. Usiku mtu haoni gari, huona taa tu. Akiona nyekundu ajua gari laenda mbele yake. Akiona nyeupe ajua lamjia. Trekta zetu zina taa nyeupe ya nyuma kwa ajili ya kutazama jembe. Trekta likirudi nyumbani usiku nayo inawaka, anayelifuata kwa nyuma hudhani gari lamjia, na aweza kulikwepa upande usiofaa. Taa hiyo yapasa izimwe kabla gurudumu la kwanza halijagusa barabara.

KWA NINI SHERIA IWE KALI HIVYO?

Wazee husema macho hayana pazia. Methali hiyo hutumika kwa mambo mengine, lakini hapa ni kweli kabisa. Jicho haliwezi kujifunga mara moja na kujifungua mara moja. Gizani mboni hupanuka ili ipokee mwanga kidogo uliopo. Mwanga mkali ukija ghafula, mboni husinyaa, na mwanga ukipita mtu hubaki haoni kitu mpaka macho yazoee giza tena. Kwa watu wazima huchukua muda mrefu zaidi kuliko kwa vijana.

Sasa tupige hesabu. Gari kubwa laruhusiwa kwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni kama mita 22 kwa kila sekunde. Tuseme dereva amepofuka kwa sekunde 3 tu. Katika muda huo gari lake limekwenda mita 66. Umbali huo wapita nusu ya uwanja wa mpira, na dereva ameuvuka akiwa kama amefumba macho. Ikiwa kuna mtoto, baiskeli au pawatila katika mita hizo 66, nani atawaokoa? Tena dereva aliyepofushwa ndiye anayepishana na yule aliyempofusha. Mwenye taa kali anampofusha mtu ambaye sekunde ile ile analielekea lori lake. Hapo hata yeye mwenyewe hana faida.

Jambo hili latuhusu sisi zaidi kuliko watu wa mjini. Barabara zetu za Usangu hazina taa za kandoni katika sehemu nyingi. Watu hutembea kwa miguu, ng'ombe huvuka, na wakulima hurudi na pawatila. Katika barabara kuu ya Mbeya na Iringa malori ya Zambia na Kongo hupita usiku kucha, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Wanaokutana na taa kali sasa ni wengi kuliko zamani.

JIBU KWA MJOMBA

Nilipomweleza mjomba mambo haya hakukubali upesi, na maneno yake yana haki ya kusikilizwa. Alisema, "Mjomba, wewe wasoma vitabu, mimi naendesha. Njia za mashambani zina mashimo na ng'ombe weusi. Pawatila hazina taa nyuma. Nisipomulika mbali nitaua mtu." Ni kweli. Dereva anayehitaji mwanga si mtu mbaya. Lakini nilimwuliza, "Je, unapokutana na gari lingine lenye taa kama zako, unamwona yule ng'ombe?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo naomba Mungu tu."

Basi tulitafuta njia ya kupata mwanga bila kumdhuru mtu. Nawaandikia hapa ili wazazi wenye magari wapate kuifuata.

1. Taa za shambani zifungwe vifuniko visivyopitisha mwanga kila gari linapokuwa barabarani. Vifuniko vyaweza kushonwa kwa turubai nene. Kuzima tu hakutoshi, maana swichi huguswa kwa bahati mbaya, na utingo hupenda kuchezea swichi.

2. Mtu akitaka fulu za ziada, anunue zilizopimwa kwa ajili ya barabara, mbili zinazofanana. Amwambie fundi umeme aziunge kwa rilei inayotegemea waya wa fulu ya gari, ili dereva akishusha dimu zizimike zenyewe. Kila jozi iwe na fyuzi yake. Waya mwembamba ukibeba umeme mwingi hupata moto, na lori likaungua.

3. Kabla ya kununua taa yoyote, dimu ya gari ipimwe. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha taa kutoka chini, kisha uweke alama ukutani kwa kimo hicho. Mstari wa dimu uwe chini ya alama kwa sentimita 10 hivi. Mwanga unaoshuka sentimita 1 kwa kila mita, ukitoka katika taa yenye kimo cha sentimita 80, utagusa ardhi mita 80 mbele. Mtu akifuta vioo vya taa na kuzielekeza vizuri, mara nyingi ataona kwamba hakuhitaji taa ya ziada.

4. Dimu ipimwe tena lori likiwa na mzigo. Jambo hili wengi hawalifikiri. Magunia yakirundikwa nyuma, nyuma hushuka na pua huinuka. Tuseme taa ina kimo cha mita 1, na mzigo umeuinua mwanga ukawa wapanda sentimita 1 kwa kila mita. Baada ya mita 50 mwanga utakuwa kimo cha mita 1 na nusu, yaani machoni mwa mwendesha baiskeli. Hapo hata dimu imekuwa fulu.

5. Dereva ashushe taa akiona gari lolote, pikipiki au baiskeli mbele yake, na pia anapolifuata gari jingine kwa karibu, kwa sababu mwanga humwingia mwenzake kwa kioo cha kutazamia nyuma. Mtu mwenye baiskeli hana fulu ya kukukumbusha. Kwake yeye yapasa ukumbuke mwenyewe.

6. Wenye pawatila, baiskeli na mikokoteni nao wana wajibu. Wabandike vibandiko vyekundu vya kurudisha mwanga nyuma ya vyombo vyao. Kibandiko kizuri huonekana kwa dimu ya kawaida kutoka mbali, na bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya taa. Mwenye lori hatatamani taa 6 ikiwa kila chombo kilicho mbele yake chaonekana.

Mjomba amefunika taa 4 na ameziondoa 2 zilizokuwa juu ya kichwa cha lori. Dimu yake tuliipima katika ukuta wa ghala, na tulikuta taa ya kulia ikielekea juu sana, kwa kuwa skrubu yake ilikuwa imelegea. Ilikazwa kwa bisibisi bila gharama yoyote. Hata hivyo bado analalamika. Asema yeye ameshusha taa, lakini wenzake hawajashusha, na sasa yeye ndiye anayeumizwa macho. Sina jibu kamili kwa lalamiko hilo. Najua tu kwamba kila mtu akingoja mwenzake aanze, tutaongeza taa juu ya taa mpaka hakuna aonaye. Sheria imewekwa kwa sababu hiyo hasa, ili asiwepo mtu wa kungojwa.

Wanafunzi wenzangu, likizo yakaribia, na wengi wetu tutapanda bodaboda, pawatila na malori ya mpunga kurudi makwetu. Ukiwa umekaa kando ya dereva, naye amesahau kushusha taa, mwambie kwa adabu, "Shikamoo kaka, kuna mtu mbele, tushushe taa." Hatakuchukia. Na ninyi wazazi mnaokuja kutuchukua, tafadhali tazameni taa za magari yenu kabla ya kuondoka nyumbani, na mpime ukutani kama nilivyoeleza. Mita 10 zapatikana katika ua wowote, na futi ya kupimia ipo katika mfuko wa kila mwanafunzi.

Mwanafunzi wa Kidato cha 4